Unapojiundia baiskeli nyumbani, anza na macho na mapafu yako

Kama mtaani kwenu kuna mtu anayejiundia baiskeli, unamjua hata kama hujawahi kufika kwake. Jumamosi asubuhi grenda inalia nyuma ya nyumba. Jioni mwanga wa bluu wa kuchomelea unacheza ukutani, na watoto wamejazana getini wakiangalia. Huenda mtu huyo ni wewe mwenyewe.

Wengi wao si mafundi wa kazi hiyo. Ni walimu, madereva, wanafunzi wa chuo na wastaafu. Mmoja anachukua Phoenix ya marehemu babu yake, anaikata fremu na kuirefusha ili ibebe mizigo. Mwingine anaunda guta dogo la biashara ya mkewe. Wengine hawagusi baiskeli kabisa: wanatengeneza majiko kwa mapipa, viti vya mbao, vinyago, taa za chuma.

Mimi kama daktari sina ugomvi na kazi hizi. Kinyume chake, ninazipenda. Mtu anayetumia mikono na akili kwa kitu anachokipenda anapumzika kwa namna ambayo kukaa mbele ya televisheni hakumpi. Mstaafu anapata sababu ya kuamka. Kijana mwenye mawazo mengi anapata kitu anachoweza kukianza na kukimaliza. Na baiskeli ikishakamilika, nayo ni dawa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Anayekwenda kazini kwa baiskeli dakika 15 na kurudi dakika 15, siku tano, ameshafikisha 150 bila kulipia ukumbi wa mazoezi.

Tatizo ni kwamba karakana ya nyumbani ina hatari zote za karakana ya kiwandani, lakini haina msimamizi, haina vifaa vya kinga na haina mtu wa kusema "simama kwanza". Ndiyo maana wiki hii ninakuomba tuzungumze.

Jicho halisubiri

Tuanze na grenda. Grenda ndogo ya mkononi huzungusha jiwe lake hadi mizunguko kama 11,000 kwa dakika. Cheche unazoziona zikiruka ni vipande vya chuma vilivyowaka. Kimoja kikitua kwenye kioo cha jicho, yaani sehemu ya mbele inayong'aa, kinanasa pale. Ndani ya saa chache chuma kinaanza kushika kutu, na kutu hiyo inabaki kama pete ndani ya jicho hata kipande kikitolewa.

Nikupe mfano wa mgonjwa mmoja. Ameniruhusu kumtaja bila jina, na nimebadilisha mambo madogo ili asitambulike. Ni mhasibu mstaafu aliyekuwa akimuundia mjukuu wake baiskeli ya miguu mitatu inayoendeshwa kwa mikono. Mtoto ana mtindio wa ubongo na miguu yake haina nguvu, na shule iko mbali. Mzee alikuwa akisaga maungio ya fremu bila miwani. Alisikia kama mchanga umeingia jichoni. Mkewe alijaribu kuutoa kwa ncha ya khanga. Siku ya pili jirani akamletea dawa ya matone iliyobaki nyumbani kwake. Ilikuwa na steroidi, yaani dawa inayotuliza wekundu na maumivu lakini inapunguza pia uwezo wa jicho kupambana na vijidudu. Mzee aliona nafuu, akaendelea na kazi. Siku ya tano alifika kwangu jicho likiwa na doa jeupe. Kulikuwa na kidonda kilichoshambuliwa na vijidudu. Tulimpeleka kwa daktari bingwa wa macho na jicho liliokolewa, lakini limebaki na kovu. Kwa jicho hilo leo anaona watu kama anavyoona mtu aliyesimama nyuma ya nailoni.

Angekuja siku ya kwanza, kipande kingetolewa kwa dakika chache kwa dawa ya ganzi na vifaa safi, na huenda angerudi karakana wiki hiyohiyo.

Kwa hiyo, ukihisi kitu jichoni, usilisugue. Osha kwa maji safi yanayotiririka. Kama hakikutoka, acha. Usitumie kijiti cha kiberiti, ulimi wa mtu wala ncha ya nguo. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Na dawa ya matone ya jirani ni ya jirani.

Kuna hali moja ya dharura zaidi. Ukiwa unagonga chuma kwa nyundo au jiwe la grenda limepasuka, kisha kitu kikakupiga jichoni na uoni ukapungua ghafla, au ukaona damu, au mboni imebadilika umbo, huenda kipande kimepenya ndani. Hapo usioshe, usibonyeze, usitie dawa yoyote. Funika jicho kwa kitu kigumu kisicholigusa, mfano kitako cha kikombe cha plastiki, kisha nenda hospitali mara moja. Mweleze daktari kwamba ni chuma, maana hilo linabadilisha vipimo atakavyochagua.

Maumivu ya saa nane usiku

Sasa tuje kwenye kuchomelea. Mwanga ule una mionzi ya urujuanimno, ileile inayounguza ngozi juani, ila hapa iko karibu nawe na ina nguvu kubwa. Inaunguza ngozi laini ya juu ya kioo cha jicho. Ujanja wake ni kwamba haiumi papo hapo. Unamaliza kazi jioni, unaoga, unakula, unalala. Saa nane usiku unaamka macho yanawaka kama yamepakwa pilipili, machozi yanatiririka, na taa huwezi kuitazama.

Kwa kawaida hali hii hupona yenyewe ndani ya siku moja hadi tatu. Kaa gizani, weka kitambaa safi chenye maji baridi juu ya kope zilizofumbwa, na umeze dawa ya kawaida ya maumivu. Usiweke kiazi kibichi, maziwa ya mama, asali wala mkojo. Jicho lililoungua ni kidonda, na vitu hivyo hubeba vijidudu. Usinunue pia matone ya ganzi dukani. Yanaondoa maumivu kwa muda, lakini yanachelewesha kidonda kupona, na yakitumiwa mara kwa mara yanaweza kuliharibu jicho kabisa. Kama maumivu hayajapungua baada ya siku moja, au uoni una ukungu, nenda ukapimwe.

Miwani ya jua haitoshi, hata iwe nyeusi vipi. Kwa kuchomelea kwa umeme unahitaji ngao ya uso yenye kioo cha namba 10 hadi 13. Ngao ni bora kuliko miwani kwa sababu inalinda pia uso na shingo. Ndani yake vaa miwani ya kawaida ya kazi, kwa kuwa unaponyanyua ngao ili kugonga magamba ya chuma, ndipo yanaporuka.

Na wale watoto wa getini je? Macho yao yanaungua kama yako. Tundika turubai au simamisha bati kati yako na wao. Usiwafukuze tu, maana watachungulia.

Homa ya jioni na glasi ya maziwa

Je, umewahi kuchomelea bomba la maji, lile la rangi ya fedha, halafu usiku ukapata homa, baridi, kukohoa, maumivu ya viungo na ladha ya chuma mdomoni? Wengi hudhani ni malaria. Wanakunywa dawa, kesho yake wanapona, na wanaamini dawa imefanya kazi.

Mara nyingi si malaria. Bomba hilo limepakwa zinki ili lisishike kutu. Ukilichoma, zinki inageuka moshi mweupe, na ukiuvuta mwili unajibu kwa homa baada ya saa kadhaa. Kwa kawaida huisha ndani ya siku moja au mbili. Lakini usijitibu kwa kukisia. Pima malaria, na umwambie daktari kwamba ulichomelea bomba la zinki. Ukibanwa pumzi au kifua kikiuma, usisubiri kesho.

Hapa lazima niseme neno kuhusu maziwa. Mafundi wengi huamini kwamba glasi ya maziwa baada ya kazi "inasafisha kifua". Maziwa ni chakula kizuri, yanywe. Lakini yanakwenda tumboni, na moshi uko kwenye mapafu. Njia hizo mbili hazikutani. Ubaya wa imani hii ni kwamba mtu akishakunywa maziwa yake anaona amejikinga, basi kesho anachomelea tena ndani ya chumba kilichofungwa.

Mwaka 2017 wataalamu wa taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya WHO waliuweka moshi wa kuchomelea kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Hii haimaanishi kwamba kuchomelea fremu moja kutakuua. Inamaanisha kila moshi unaouepuka ni faida. Chomelea nje. Simama upande upepo unakotoka, ili moshi uende mbali na uso wako. Usiinamie kazi kichwa kikiwa juu ya moshi. Ondoa kwanza rangi na mafuta mahali unapounganisha, na epuka kabisa kuchomelea vyuma vilivyopakwa zinki au kromu kama hujui kuviandaa. Kitambaa ulichofunga puani hakizuii moshi huu. Kinachosaidia ni barakoa maalumu ya vumbi na moshi wa metali inayobana vizuri usoni.

Kwa wanaotengeneza majiko: pipa lililowahi kubeba mafuta, petroli au thina linaweza kulipuka likiguswa na moto, hata kama linaonekana tupu. Mvuke uliobaki ndani unatosha. Tafuta pipa lisilo na historia hiyo.

Rangi, vumbi na gundi

Baiskeli ikishaungwa, kila mtu anataka ing'ae. Kama unasugua rangi ya zamani kwa msasa, kumbuka kwamba rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi. Vumbi lake linakaa kwenye nguo, mikono na sakafu, na linawaumiza zaidi watoto wadogo na mimba changa. WHO inasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Lowesha msasa kwa maji ili vumbi lisiruke. Nawa kwa sabuni kabla ya kula. Badili nguo kabla ya kumbeba mtoto, na usizifue pamoja na nguo zake. Mjamzito asikae karibu na kazi hiyo.

Thina na rangi za kupuliza husababisha kizunguzungu, kichwa kuuma na kichefuchefu. Dalili hizo ni onyo kwamba hewa haitoshi, toka nje. Mwenye pumu ampe mtu mwingine kazi ya kupuliza. Na usihifadhi thina kwenye chupa ya soda au ya maji. Watoto hunywa wakidhani ni kinywaji. Ikitokea hivyo, usimlazimishe mtoto kutapika, kwa kuwa kimiminika kikiingia kwenye mapafu wakati wa kutapika kinaleta madhara makubwa. Mkimbize hospitali, na uende na chupa yenyewe.

Si kila kitu kinajengwa kwa chuma. Goma, mashariki mwa Congo, wako mafundi wanaochonga chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili kinachobeba magunia ya viazi na mkaa kwenye mitelemko. Uganda na Ghana kuna wanaotengeneza fremu za baiskeli kwa mianzi, wakifunga maungio kwa nyuzi na gundi ya epoksi. Hapa kwetu tuna wachongaji wa Mwenge na mpingo wao. Kazi hizi hazina moshi wa umeme, lakini zina vumbi. Vumbi la mbao likivutwa kwa miaka mingi linaweza kuleta saratani ya pua, na la mpingo huwasha ngozi ya baadhi ya watu. Gundi ya epoksi nayo inaweza kuifanya ngozi iikatae milele: leo upele kidogo mikononi, mwakani hata tone moja linavimbisha mikono na uso. Vaa glavu za nitrili, na usiitoe gundi mwilini kwa thina. Tumia sabuni na maji mapema, kabla haijakauka.

Masikio, mikono na umeme

Sauti ya desibeli 85, unayolazimika kupaza sauti ili usikike kwa aliye karibu, inaweza kuvumiliwa kwa saa 8 kwa siku. Ikifika desibeli 100, na grenda inaweza kufika hapo, muda salama ni kama dakika 15 tu. Ukimaliza kazi masikio yakawa yanalia "nziii", yameumia. Vizibo vya masikio ni vya bei ndogo, na usikivu uliopotea haurudi.

Usiondoe kava ya grenda ili "ifike vizuri". Kava hiyo ndiyo itakayopokea jiwe likipasuka. Jiwe jembamba la kukatia lisitumike kusagia ubavu, na lenye ufa litupwe. Usivae shati lenye mikono inayoning'inia, na funga nywele au mtandio.

Kandambili ziache mlangoni. Vaa viatu vilivyofunika mguu, vyenye soli ya mpira. Nasema hivi pia kwa sababu ya umeme: mashine nyingi za kuchomelea mitaani zimeundwa kienyeji na nyaya zake ziko wazi. Ardhi yenye maji, miguu mitupu na jasho vinatosha kumuua mtu. Akinaswa, zima umeme kwanza kabla ya kumgusa.

Ukijikata, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni. Kisha jiulize: mara ya mwisho nilichanjwa pepopunda lini? Kutu yenyewe haileti pepopunda. Vimelea vyake viko kwenye udongo na vumbi, na jeraha lenye tundu refu ndilo wanalolipenda. Wanawake wengi huchanjwa tena wakati wa ujauzito. Wanaume wengi hawachanjwi tena baada ya utoto, na ndio walio wengi karakana. Chanjo ya kuongeza nguvu inahitajika kila baada ya miaka 10, na kwa jeraha chafu au la kina hurudiwa kama imepita miaka 5. Kama hukumbuki, hesabu kwamba hujachanjwa, na uende kituo cha afya siku hiyohiyo.

Baiskeli ikutoshe

Uzuri wa kujiundia baiskeli ni kwamba unaweza kuipima kwa mwili wako. Usikose nafasi hiyo.

Kaa kwenye kiti, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa. Mguu uwe umenyooka. Ukihamishia pedali mbele ya wayo, goti litakunja kidogo, na hicho ndicho kipimo chako. Goti likiuma kwa mbele, mara nyingi kiti kiko chini mno. Likiuma kwa nyuma, kiti kiko juu mno. Vidole vya mwisho viwili vya mkono vikifa ganzi, uzito mwingi unaegemea usukani, na mshipa wa fahamu unabanwa kwenye kiganja. Inua usukani au usogeze karibu, na badilisha mshiko mara kwa mara. Ganzi sehemu za siri si jambo la kuonea aibu wala la kuzoea. Punguza mwinuko wa pua ya kiti, simama kwenye pedali kila baada ya muda, na badilisha kiti kama haiishi. Ikiendelea, tuone.

La mwisho ni uimara. Maungio ya shingo ya fremu, pale usukani unapoingia, yakikatika ukiwa kwenye mteremko, unaanguka kwa uso. Kama wewe bado unajifunza kuchomelea, jifunzie kwenye rafu ya mizigo, na maungio hayo mpe fundi mzoefu. Kabla hujampakia mtoto, ijaribu baiskeli kwa gunia la mchanga kwa siku kadhaa, kisha kagua kila ungio kama kuna ufa. Breki ziwe mbili, zinazofanya kazi kila moja peke yake.

Anza na haya manne

Najua bajeti ya karakana ya nyumbani. Kama huwezi kununua vyote, anza na miwani ya kazi inayofunika pembeni, ngao ya kuchomelea yenye namba sahihi, viatu vilivyofunika mguu, na chanjo ya pepopunda. Weka pia ndoo ya maji safi yenye koki karibu, ya kunawia na kuoshea jicho. Nunua hivi kabla ya rangi na kengele. Na anayekuja kukusaidia mpe miwani yake, msishirikiane moja mkipokezana, kwa sababu cheche hazisubiri zamu.

Kama sasa hivi, unaposoma gazeti hili, kuna kitu kinakukwaruza jichoni tangu Jumamosi, usisubiri toleo la wiki ijayo. Nenda ukapimwe leo.